Asubuhi Niliyoitikia Amina

Shangazi Jovina, shikamoo. Mie ni msomaji wako wa siku nyingi ingawa gazeti lenyewe sijawahi kulinunua jipya, nauza vitumbua na magazeti ya zamani ndiyo ninayofungia, kwa hiyo majibu yako unayowapa watu nayasoma wiki nyingi baadaye, mengine yana mafuta katikati siyaoni vizuri, lakini nimekuamini, na leo naandika mwenyewe kwa sababu kila mtu ninayemweleza shida yangu ananiambia nisali, na hiyo sala ndiyo shida yenyewe.

Jina langu lifiche, niite Mama Rosalia. Mume wangu humu nimemwita Fredrick, siyo jina lake. Sie ni watu wa Masasi, tunakaa Gongo la Mboto, tumepanga vyumba viwili kwa Bi Tunu, mama wa Kizaramo ambaye nyumba aliachiwa na marehemu mumewe. Tuna watoto wawili wa kike, Rosalia yuko darasa la tatu na Jesca bado mdogo. Katikati yao alikuwepo wa kiume, Nikodemu, tulimwita Niko. Huyo hayupo tena.

Mie nimezaliwa kwenye nyumba ya Kikristo, mama yangu alikuwa anasali asubuhi huku anafunga kanga yake, maneno machache tu kwa Kimakua, halafu anachukua jembe anakwenda, na sie tulijua siku imeanza. Nilipoolewa nikataka na mie niwe hivyo. Shangazi, sikuweza. Kila siku najiambia kesho nitaamka nisali kabla sijagusa jiko, kesho inafika mchele wa vitumbua umeumuka unataka kumwagika, mkaa una unyevu hauwaki, Jesca analia, kwenye bomba watu wameshapanga ndoo, sala yenyewe naikumbuka niko njiani na beseni kichwani, nasema Mungu nisamehe, basi, imeishia hapo. Nilikuwaga naona aibu sana kanisani wenzangu wanaposema mimi bila maombi ya asubuhi sitoki ndani. Nilijiona mama nusu.

Fredrick yeye alikuwa hasali kabisa. Alikuwa fundi mitambo kiwanda cha nguo, na alikuwa mlevi, sitaki kuficha. Kiwanda kilipoanza kupunguza watu naye akapunguzwa. Kiinua mgongo alichopata akafungua kibanda, akajaza sabuni na dawa za meno za kutoka Kenya, maana kila mtu alikuwa anasema biashara sasa ni huria na atakayelala ni mjinga. Lakini kila baada ya nyumba mbili kulikuwa na kibanda chenye sabuni hizo hizo. Kibanda kikafa. Akakaa nyumbani, na vitumbua vyangu ndivyo vikawa vinatulisha wote.

Niko alikuwa ameshafariki wakati huo, ilikuwa mwaka kabla ya Fredrick kupunguzwa, masika. Niliamka asubuhi nikamgusa ana joto, nikampa klorokwini iliyokuwepo ndani, nikamwacha na Rosalia, baba yake alikuwa hajarudi tangu jana yake, nikasema nikauze haraka nipate hela ya zahanati kwa sababu ukienda mikono mitupu wanakwambia dawa hakuna kanunue. Niliporudi macho yalikuwa yamegeuka juu. Nikamfunga mgongoni nikakimbia. Nesi akasema malaria imepanda kichwani, apelekwe hospitali kubwa, na tukiwa tunatafuta gari akanifia mgongoni, nilijua kwa sababu alikuwa mzito ghafla. Yameisha hayo, tulimzika, wanawake wa nyumba ile wakanilaza kwenye mkeka na Bi Tunu akanilisha uji kama mtoto.

Sasa kibanda kilipokufa Fredrick akaanza kwenda kwenye kikundi cha maombi cha mwalimu mmoja anaitwa Audax, jina nalo nimelibadilisha, ni kijana wa suti, anasema vizuri sana. Fredrick akaokoka. Shangazi, mie nilifurahi mno. Pombe akaacha siku moja, kama mtu anayevua shati. Halafu akasema kuanzia sasa nyumba hii itakuwa na maombi ya asubuhi, saa kumi na moja wote magotini, mama, watoto, kila mtu. Nikajiambia Mungu amenisikia, kile kilichonishinda mimi peke yangu sasa nitakiweza maana mwenye nyumba amekishika. Nikawa naamka mapema zaidi, naanza kukaanga, ikifika saa yake napunguza moto, naingia ndani, naweka goti. Mwanzoni ilikuwa nzuri. Wimbo mmoja, anasali kidogo, sie tunaitikia Amina, tunainuka. Rosalia ndiye alikuwa anaanzisha wimbo. Nilikuwa nikifika kwenye biashara najisikia mwepesi.

Ikaanza kurefuka. Akawa anasali mpaka kunakucha, wateja wangu wananunua kwingine. Halafu akaanza kunisema. Hanisemi mimi, anamwambia Mungu. "Baba, unamwona mwanamke huyu, jana mchuzi ameutia chumvi kama anakaushia samaki, mpe moyo wa utulivu." "Baba, mkemee roho wa majibu, jana nimemuuliza neno moja amenijibu matatu." Na mie niko hapo nimefumba macho, siwezi kujitetea, utamkatizaje mtu anayeongea na Mungu? Nyumba zetu unazijua, kuta haziendi juu mpaka kwenye bati, ukikohoa chumba cha mwisho wanakupa pole. Nikienda bombani wanawake wananitazama wanacheka kanga zikiwa mdomoni. Bi Tunu siku moja akaniuliza, "Mama Rosa, ile chumvi ya juzi mmeshasamehewa?" Nilicheka na mie. Nilipofika ndani nikalia.

Lakini hayo ningeyavumilia. Asubuhi moja akasali hivi, nayakumbuka neno kwa neno: "Baba, nakushukuru kwa kunifunulia kupitia mtumishi wako. Sasa najua Nikodemu aliondoka kwa nini. Nyumba hii haikuwa na maombi ya asubuhi. Mama yake alitanguliza vitumbua, akakuweka wewe nyuma, na adui akapata mlango. Msamehe."

Na mie nikaitikia Amina.

Shangazi, niliitikia. Kinywa kimezoea, yeye akinyamaza sie tunaitikia, neno likatoka ndiyo nikasikia nilichokiitikia. Watoto nao wameitikia. Jesca aliitikia kwa sauti kubwa kwa sababu ndilo neno analolijua. Nikainuka nikaenda kugeuza vitumbua, na vilikuwa vimeungua vyote upande mmoja, nikavitazama tu.

Kuanzia hapo akawa analisema kila siku, limekuwa kama sehemu ya sala yenyewe. Nikamwambia mchana, kwa adabu, "Baba Rosa, nakuomba, lile la Niko usiliseme mbele ya watoto." Akasema, "Ukweli unakuchoma?"

Halafu siku moja Rosalia akanifuata kwenye jiko, amevaa sare ya shule, akachuchumaa karibu yangu kama anaota moto. Siku hiyo baba yake alikuwa ameenda mkesha hajarudi, kwa hiyo hatukusali. Akaniuliza polepole, "Mama, leo hatujasali. Atakufa nani? Mimi au Jesca?"

Nikamwambia nyamaza, chukua ndoo kachote maji.

Kesho yake Fredrick alipofika kwenye lile neno nikainuka. Sikupanga. Nikawashika watoto mkono mmoja huku mmoja huku, nikatoka nao nje nikakaa nao jikoni. Akaacha kusali. Akatoka na kifua wazi, akachukua sufuria ya mchele wangu, ile ya siku nzima, akaimwaga pale uani, akasema, "Tuone huyo mungu wako wa vitumbua atakulisha nini." Nyumba nzima imetoka, watu wamefunga mashuka. Bi Tunu alikuwa ametoka kuswali, tasbihi bado iko mkononi, akamwambia, "Baba Rosa, umemwaga chakula cha wanao saa ya ibada. Ulikuwa unamwomba nani humo ndani?" Fredrick akaingia akafunga mlango. Kuku wa jirani walikula ule mchele mpaka wakashindwa.

Mwalimu Audax akaja jioni. Alinipa mkono vizuri, akaniita mama. Akasema kuna laana juu ya nyumba na ndiyo maana Fredrick hapati kazi, na itaondoka siku nitakaposimama mbele ya kusanyiko nikiri kwa kinywa changu kwamba uzembe wangu ndio uliomwondoa mtoto. Amepanga iwe Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Fredrick kasema nisiposimama anawachukua watoto kwa dada yake Masasi, wakalelewe na mama anayesali.

Naomba unijibu mambo mawili. Nisimame au nisisimame? Wengine wananiambia ni maneno tu, yaseme upate amani, watoto wabaki. Na la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Mie sijamwacha Mungu. Bado naamka mapema ile ile, mwili umeshazoea, nakaa mbele ya jiko nataka kusali sala yangu, na nikifungua kinywa nasikia sauti ya Fredrick. Nifanyeje niweze kusali asubuhi kama akina mama wengine?

Ni mimi Mama Rosalia,
Gongo la Mboto.


JIBU LA SHANGAZI JOVINA

Mama Rosalia, marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, sijakaa, na jibu hili nakutumia kwanza kwa mkono kupitia anwani uliyoniandikia kwa sababu Jumapili haitasubiri gazeti lichapwe, wala lizeeke lifungiwe vitumbua.

Usisimame. Naanza na hilo ili hata kama mtu atakupokonya karatasi hii uwe umeshalisoma. Usisimame Jumapili hiyo wala nyingine. Hao wanaokwambia ni maneno tu, waulize kama wao wangetangaza mbele ya watu kwamba wamemuua mtoto wao, halafu warudi nyumbani wapike. Neno ulilolitamka bila kukusudia, umefumba macho, linakunyima usingizi mpaka leo. Utakalolisema umesimama, macho wazi, Rosalia anakusikiliza, utalibeba hivi hivi?

Sasa nikuulize. Katika barua yako yote ndefu kuna sentensi moja uliyoipita mbio kama mtu anayepita kwenye mbwa. Uliandika kwamba asubuhi Niko alipoumwa, baba yake alikuwa hajarudi tangu jana yake. Ukaendelea na habari ya zahanati. Mimi nilisimama hapo hapo. Mtu ambaye hakuwepo, huenda amelala kwenye kilabu cha pombe wakati wewe unakimbia na mtoto mgongoni, leo ndiye anayemweleza Mungu mtoto alikufa kwa nini? Simwonei. Naye alizika mtoto wake. Nadhani anajua alikuwa wapi siku ile, na kulijua huko kumemshinda, akatafuta mgongo wa kuubebesha. Akapata wako, uko karibu na umezoea mizigo. Huyo kijana wa suti amempa kamba tu ya kufungia.

Niko alikufa kwa malaria. Ulikwenda kuuza kwanza kwa sababu zahanati zetu siku hizi zinataka uje na hela, na hela ilikuwa kwenye beseni, haikuwa mahali pengine. Ungekwenda mikono mitupu wangekurudisha, na leo ungekuwa unajilaumu kwa nini hukuuza kwanza. Sikwambii hivi kukufariji. Nakwambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ukimaliza kulia soma hapa, maana sasa nakugombeza. Mtoto alikuja akachuchumaa jikoni akakuuliza atakufa nani, na wewe ukampa ndoo. Mama Rosalia! Najua ulikuwa huna jibu. Lakini tangu siku hiyo yule mtoto anakwenda shule na swali lile, anakaa nalo darasani, analala nalo, na amekunyamazia kwa sababu ameshaona ukiulizwa unatoa ndoo. Chumvi ya mchuzi uliivumilia, sawa, ni wewe. Hili hukuwa na ruhusa ya kulivumilia hata asubuhi moja.

Kwa hiyo leo, kabla hujafanya lolote lingine, mkalishe Rosalia. Usimwambie "mambo ya wakubwa." Mwambie kaka yake aliugua malaria, malaria huletwa na mbu, mama alimpeleka zahanati, ugonjwa ulikuwa umeshakuwa mkubwa. Mwambie hakuna mtu anayekufa kwa sababu mama yake hakusali. Asipoamini, na huenda asiamini, maana baba yake amelisema mara nyingi kuliko wewe, mshike mkono umpeleke kwa yule nesi aliyempokea Niko, amweleze yeye.

Pili, usibaki peke yako na wanaume wawili wanaokusomea mafunuo. Mlifunga ndoa, mlikuwa na wasimamizi. Wako wapi? Kama wako hai wafuate hata kama ni mbali, uwaeleze yote, pamoja na ule mchele uliomwagwa. Na hayo ya kuwachukua watoto, mtoto si kuku wa kufungwa miguu akapandishwa basi la Masasi. Kuna baraza la usuluhishi la kata, kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda kabla hajafanya, usingoje afanye. Bi Tunu ni shahidi, na mtu aliyeweza kusema lile neno uani mbele ya wapangaji ataweza kulisema hata ofisini.

Tatu, sala yako. Hili umelifanya kubwa kuliko lilivyo, na waliolifanya kubwa ni hao wenye saa. Nani alikwambia Mungu anafungua geti saa kumi na moja na ukichelewa anakuandika mtoro? Wewe unaamka kulisha watu wanne na wateja wako. Usiongeze kuamka mapema, mwili wako umechoka na mwanamke aliyechoka anasikia sauti za wengine kichwani. Mama yako alisali akifunga kanga. Wewe sali ukipepea mkaa. Usipige goti kwa sasa, goti lako limefundishwa vibaya. Sali umesimama, macho wazi, kwa Kimakua, lugha ambayo Fredrick hajaichafua. Na usianze na kuomba msamaha. Kama una hasira mwambie Mungu una hasira. Kama una jina moja tu la kumtajia, taja hilo jina uendelee na kazi. Kesho taja tena. Mazoea hujengwa hivyo, kidogo kidogo, na yakishakuwa yako hakuna atakayeyatumia kukupiga nayo.

Na wewe Baba Rosalia, kama umeiona karatasi hii kabla ya mwenyewe: kuacha pombe ni jambo kubwa, nakupongeza. Bado hujaacha kumpa mkeo mzigo wako.


Wasomaji wangu, hayo nilimtumia. Nilitaka niyachapishe hapo yaishe, lakini ameniandikia tena, na ameniruhusu niwaonyeshe. Naweka kama yalivyo.

"Shangazi, shikamoo. Jibu lako lilifika, nimelisoma mpaka limechanika kwenye mkunjo. Nilikwenda Pugu kwa wasimamizi wetu, Mzee Fransis na Mama Felicitas. Mama Felicitas alilia, akasema kwa nini hukuja siku zote hizi. Mzee akaja nyumbani kesho yake, akakaa na Fredrick, akamsikiliza mpaka mwisho, laana, mlango, adui, yote. Fredrick akamwambia, mzee wewe unajua nini, watoto wako wote wazima. Mzee Fransis akasogeza kiti chake karibu. Halafu akasema, 'Nieleze mimi. Siku ile mwenzio anakimbia na mtoto, wewe ulikuwa wapi?' Fredrick akainuka. Akachukua shati lake akatoka.

"Jumapili sikusimama. Nilibaki nyumbani na watoto. Lakini alisimama yeye. Wenzangu wameniambia alisimama akakiri kwa niaba yangu, kwa jina langu lote na la baba yangu, na mwalimu akamwekea mikono. Sasa akina mama wa kusanyiko lile hawanunui vitumbua vyangu, wanapita upande wa pili wa barabara, na mmoja amemwambia mwanawe asicheze na Jesca. Fredrick amehamia Goba, mwalimu amefungua sehemu ya mfungo huko mlimani, wanaishi kwenye turubai. Kazi bado hajaipata, ingawa laana imeondolewa. Watoto hajawachukua, nilishafika ustawi wa jamii, yule mama wa pale aliandika akamwita, hakwenda.

"Rosalia nilimpeleka kwa nesi. Nesi alimweleza vizuri, na Rosalia akamuuliza, kwa hiyo mbu hajui kama tumesali? Nesi akasema, mbu anajua damu tu. Aliridhika, nilidhani. Lakini bado akiamka anaweka mkono chini ya pua ya mdogo wake, anasikiliza, ndiyo anavaa sare. Nimemwona. Sijamwambia nimemwona.

"Kuhusu sala. Asubuhi ya kwanza nilisema, Mungu, Niko. Nikashindwa kuendelea, nikakaanga. Ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tatu nikamwambia kwa Kimakua kwamba alikuwa ameanza kusema neno maji. Sijui kama hiyo ni sala. Ila nimesema kila siku sijakosa hata moja, na sauti ninayoisikia ni yangu. Nimekonda. Naomba unielekeze, Fredrick akirudi nifanyeje, maana mvua zimeanza na turubai halizuii kitu."

Mama Rosalia, hiyo ni sala. Usimuulize mtu tena.

Rosalia akiweka mkono puani kwa mdogo wake, usijifanye umelala. Nenda, weka mkono wako juu ya wake, sikilizeni wote wawili, kila asubuhi, mpaka aache mwenyewe. Inaweza kuchukua miaka. Hao akina mama wanaopita upande wa pili waache wapite, hamisha beseni lako mahali penye njaa zaidi ya dini, karibu na stendi au shule, wanaokuja na haraka hawaulizi habari za kanisani kwako.

Siwezi kukuahidi kwamba mume wako atabadilika, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Lakini mvua zikizidi atarudi, hilo naliamini, na atafika asubuhi, amelowa, na moyo wako utalainika kabla hujamsikia. Mpe taulo. Usimpe mlango bado. Msimamishe hapo kizingitini, mtazame usoni, umuulize swali moja tu, Niko alikufa na nini. Akikujibu malaria, mvutie kigoda akae, umpe chai. Akifumba macho aanze kusali, funga mlango, ukageuze vitumbua.